Toby wa Virginia na Kunta wa Juffure: uchambuzi wa kisa cha nasaba ya Alex Haley

Mwaka 1976 mwandishi Mmarekani Alex Haley alichapisha kitabu cha Roots, ambamo alieleza kuwa amefuata nasaba ya upande wa mama yake, kizazi baada ya kizazi, hadi kumfikia kijana wa Kimandinka aliyeitwa Kunta Kinte, aliyetekwa karibu na kijiji cha Juffure nchini Gambia na kushushwa katika bandari ya Annapolis, Maryland, mwaka 1767. Kitabu hicho, pamoja na tamthilia ya televisheni iliyofuata Januari 1977, kiliwavuta watu wengi ambao hawakuwahi kuingia katika jengo la nyaraka waanze kuulizia habari za mababu zao. Mwaka 1981 Gary Mills na Elizabeth Shown Mills, wote wawili wajuzi wa nyaraka za Kusini mwa Marekani, walichapisha matokeo ya kuzipitia upya kumbukumbu za Virginia na North Carolina, na ikaonekana kwamba mnyororo wa Haley hausimami katika sehemu iliyotangulia Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vya Marekani.

Mjadala uliozuka umeelemea zaidi tabia ya Haley mwenyewe, yaani kama alikuwa mkweli au la. Swali hilo lina uzito wake, lakini halimsaidii sana mtu anayetafuta habari za babu yake wa kale. Ninachotaka kuchambua hapa ni mahali hasa mnyororo ulipokatika, hati zipi zilikuwepo ambazo zingeonyesha hivyo mapema, na kwa nini mtu mwenye bidii kama yake alizipita. Kwa maoni yangu kiini cha kisa hiki ni kimoja: Haley alizitafuta nyaraka ambazo zingekubaliana na masimulizi aliyokuja nayo, na hakuzitafuta zile ambazo zingeweza kuyakataa.

Masimulizi yenyewe aliyapata utotoni, katika mji wa Henning, Tennessee, kwa bibi yake mzaa mama, Cynthia Palmer, na ndugu za bibi huyo walipokuja kumtembelea. Walisimulia habari za "Mwafrika" aliyekataa kuitwa Toby na kushikilia kwamba jina lake ni "Kin-tay". Aliyetekwa alipokwenda kukata mti wa kuchongea ngoma. Aliyeshushwa mahali palipoitwa "Naplis". Aliyekatwa mguu baada ya kutoroka mara kwa mara. Na aliyemfundisha binti yake, Kizzy, maneno ya lugha yake, likiwemo "ko" kwa ala ya muziki yenye nyuzi na "Kamby Bolongo" kwa mto. Kizzy aliuzwa North Carolina na huko akamzaa George, mfugaji mashuhuri wa majogoo wa kupigana. George alimzaa Tom Murray, mhunzi, na Tom alimzaa Cynthia.

Hazina hii haifai kudharauliwa. Familia zilizotenganishwa kwa mnada, na kunyimwa kusoma na kuandika kwa nguvu ya sheria, zilibaki na mdomo kuwa daftari lao pekee. Hata hivyo masimulizi ni ushahidi, na ushahidi huulizwa: nani alisema, alisikia kwa nani, na ni sehemu gani ya usemi wake inayoweza kupimwa kwa kitu kingine kisichotokana naye. Maneno ya Kimandinka yalipimwa hivyo. Haley aliyapeleka kwa Jan Vansina, mwanahistoria wa mapokeo simulizi aliyefundisha Chuo Kikuu cha Wisconsin, naye akayaelekeza kwenye lugha ya Kimandinka na Mto Gambia. Nauona huu kuwa ushahidi mzuri kwamba mtu fulani katika ukoo ule alitoka Senegambia, yaani eneo la Senegal na Gambia. Haumtaji ni nani, wala alifika mwaka gani, na hapo ndipo uangalifu ulipopaswa kuongezeka.

Hatua ya kwanza ya Haley katika nyaraka ilikuwa sahihi kabisa, na inastahili kusomwa kwa makini na kila mtafiti anayeanza. Alikwenda katika Nyaraka za Taifa mjini Washington, akaomba filamu ndogo za sensa ya kaunti ya Alamance, North Carolina, za miaka iliyofuata vita, akafunua ukurasa baada ya ukurasa hadi akakutana na Tom Murray, mhunzi, mkewe Irene, na watoto wao, akiwemo Elizabeth wa miaka 6, ambaye Haley alimfahamu kama Shangazi Liz wa masimulizi ya barazani. Bibi yake Cynthia hakuwemo kwa kuwa alikuwa hajazaliwa. Uzito wa ugunduzi huu hautokani na jina moja. Jina la Murray lilikuwa la wengi, na wahunzi walikuwa wengi. Lakini mhunzi Murray, mwenye mke Irene, katika kaunti iliyotajwa na familia, pamoja na kundi la watoto ambao majina yao yalijulikana kabla ya kufunguliwa kwa daftari, ni muungano ambao ni vigumu mno kutokea kwa bahati. Sensa hiyo ya mwaka 1870, ikumbukwe, haikuandika uhusiano kati ya watu wa nyumba moja. Utaratibu huo ulianza mwaka 1880. Kwamba Elizabeth ni binti wa Tom, karatasi haisemi. Masimulizi ndiyo yanayosema, na karatasi inayathibitisha kwa kuwaweka pamoja. Hapa mdomo na wino vilisaidiana kama inavyotakiwa.

Ugumu unaanza mtu anapotaka kuvuka mwaka 1870 kurudi nyuma. Hiyo ndiyo sensa ya kwanza ya taifa iliyowaandika kwa majina watu wote waliokuwa watumwa. Katika sensa za mwaka 1850 na 1860 watumwa waliwekwa katika orodha ya pekee ambayo ilimtaja mmiliki kwa jina, na chini yake, kwa kawaida, ikaandika tu umri, jinsia na rangi ya kila mtumwa, kwa kuwa sheria iliwahesabu kuwa mali. Kwa hiyo anayemtafuta mtu wa wakati huo hulazimika kufanya kazi mbili kwa pamoja: kwanza kumtambua mmiliki, kisha kuichimba familia ya mmiliki, maana mtumwa huonekana katika wosia wa bwana wake, katika orodha ya mali ya marehemu iliyoandaliwa kwa ajili ya mirathi, katika hati za rehani na mauzo, katika kesi za madeni na katika daftari za kodi. Daraja la kumvusha mtafiti kutoka upande mmoja hadi mwingine hupatikana mara nyingine katika nyaraka za idara ya serikali iliyowahudumia watu walioachwa huru kati ya 1865 na 1872, au katika daftari za benki yao ya akiba, iliyofungwa mwaka 1874, ambayo mara nyingi iliandika majina ya wazazi na ndugu wa mwenye akaunti na wakati mwingine jina la bwana wake wa zamani.

Njia ya kawaida kutoka kwa Tom Murray ingekuwa kubaki Alamance na kaunti jirani ya Caswell, kumtambua mmiliki wa Tom, kisha mmiliki wa George, kisha kumtafuta Kizzy katika mali ya Tom Lea, bwana aliyetajwa na familia. Kila hatua ingesimama juu ya iliyotangulia. Haley aliziruka hatua hizo za kati akatua Virginia, miaka mia moja nyuma, kwa sababu masimulizi yalimpa jina la Waller, ukoo uliommiliki yule Mwafrika.

Huko alikuta hati halisi. Ni hati ya tarehe 5 Septemba 1768, ambayo kwayo John Waller wa kaunti ya Spotsylvania alimhawilishia ndugu yake William Waller ardhi ekari 240 pamoja na mtumwa mwanamume mweusi aitwaye Toby. Ni rahisi kuelewa jinsi moyo wa mtu unavyoweza kwenda mbio mbele ya karatasi ya namna hii. Jina lipo, ukoo wa Waller upo, na ndugu wawili waliotajwa na familia wapo. Lakini hati ya kuhawilisha mali iliandikwa ili kulinda haki ya mnunuzi dhidi ya madai ya wengine, kwa hiyo inajibu swali la nani anamiliki nini. Haisemi Toby alizaliwa wapi, ana umri gani, alinunuliwa lini wala kwa nani. Na Toby lilikuwa jina la kawaida sana miongoni mwa watumwa wa Virginia, jina ambalo mabwana walilitoa tena na tena. Swali la haki mbele ya hati hiyo lilikuwa hili: je, Toby huyu ni yule Mwafrika aliyeshuka mwaka 1767? Na namna ya kulijibu ilikuwa kumtafuta Toby katika karatasi za ukoo wa Waller za kabla ya mwaka 1767, ambako, kama masimulizi ni ya kweli, hapaswi kuwepo.

Mills na mwenzake walifanya hivyo hasa. Walimkuta Toby katika nyaraka za ukoo wa Waller tangu mwaka 1762, miaka mitano kabla ya meli ya Haley kutia nanga. Waligundua pia kwamba Haley alikuwa amelitafuta jina hilo kuanzia 1767 na kuendelea tu. Hapa ndipo kisa kinapovunjika, na kinavunjika kwa kitu kidogo mno: uchaguzi wa mwaka wa kuanzia. Virginia ilitoza kodi ya kichwa kwa kila mtumwa aliyefikisha miaka 16, kwa hiyo kumbukumbu za kodi, pale zilipohifadhiwa, ni mahali ambapo kijana wa miaka 17, umri wa Kunta wa masimulizi mwaka 1767, angeanza kuhesabiwa mara tu baada ya kununuliwa. Mtafiti anayefungua daftari za miaka kumi kabla ya tarehe anayoitarajia na miaka kumi baada yake hupoteza muda kidogo. Anayefungua za baada peke yake hawezi kamwe kugundua kwamba amemshika mtu mwingine.

Upande wa pili wa maisha ya Toby nao ulikatika. Virginia ilianza mwaka 1782 kuandika orodha za kodi ya mali binafsi, ambazo katika miaka yake ya mwanzo ziliwataja watumwa kwa majina katika kaunti nyingi. Toby wa Waller haonekani tena katika kumbukumbu kuanzia mwaka huo, na hitimisho la watafiti hao ni kwamba alikuwa amekwisha kufa. Kizzy wa Haley alizaliwa mwaka 1790. Hawakumkuta Kizzy yeyote katika mali ya ukoo wa Waller. Na Anne, binti wa ukoo huo ambaye katika simulizi ni mtoto mwenzake wa kucheza, alikuwa kwa wakati ule mwanamke mzima aliyeolewa. Daktari William Waller, anayechorwa kama bwana wa shamba lake mwenyewe, aliishi katika shamba la ndugu yake John. Upande wa North Carolina, Tom Lea anayesimuliwa kuwa alizaliwa maskini akajikwamua alitoka katika familia ya wakulima matajiri. Kila moja ya tofauti hizi peke yake ingeweza kuelezwa kama kuteleza kwa kumbukumbu, maana kumbukumbu za familia huhamisha miaka na kuchanganya ndugu. Zikiwekwa pamoja zinaonyesha kwamba watu wa simulizi na watu wa nyaraka hawakutani popote isipokuwa katika majina.

Nyaraka za meli nazo hazikuweza kuziba pengo. Haley aliipata meli iitwayo Lord Ligonier, chini ya nahodha Thomas Davies, iliyotoka Mto Gambia tarehe 5 Julai 1767 ikiwa na watu 140 na kufika Annapolis tarehe 29 Septemba ikiwa na 98 waliosalia hai. Tangazo la kuwauza lilitoka katika gazeti la Maryland Gazette siku mbili baadaye. Safari hiyo ilikuwepo, na watu 42 waliokufa njiani walikuwepo. Lakini karatasi za biashara hiyo hazikuandika jina la mateka hata mmoja. Hakuna kinachomweka Kunta ndani ya meli hiyo isipokuwa hesabu ya tarehe, na hesabu hiyo ilitegemea hati ya 1768, ambayo tumekwisha kuona kwamba inamhusu mtu aliyekuwepo Virginia tangu zamani.

Kuhusu Juffure nitasema kwa uangalifu, kwa sababu wasomaji wengi huona kwamba kuyahoji masimulizi ya Gambia ni kuwadharau Waafrika na heshima ya wasimulizi wao. Mimi naona kinyume chake: kuyaheshimu mapokeo ni kuyatendea kama ushahidi wa watu wazima wenye akili, wenye sababu zao za kusema wanachosema. Mwaka 1967 Haley alipelekwa kwa mzee Kebba Kanji Fofana, ambaye alisimulia nasaba ya akina Kinte na kufikia mahali aliposema kwamba, karibu na wakati askari wa mfalme walipokuja, mkubwa wa watoto wanne wa Omoro, aitwaye Kunta, alikwenda kukata mti na hakuonekana tena. Ulinganifu huo na habari za Henning ulimtikisa Haley. Ila Haley alikuwa tayari amewaeleza Wagambia anachokitafuta, jina lenyewe na habari ya mti wa ngoma, kabla ya kukutana na mzee huyo. Msimamizi wa nyaraka wa Gambia alimwandikia kumtahadharisha kuhusu kutegemeka kwa Fofana, ambaye simulizi yake ilibadilika katika mambo ya msingi alipoombwa kuirudia. Mwaka 1977 mwandishi wa habari Mwingereza, Mark Ottaway, aliyahoji masimulizi hayo gazetini, na mwaka 1981 Donald Wright, mwanahistoria aliyekuwa amekusanya masimulizi katika Niumi, eneo lilipo Juffure, alichapisha uchunguzi ambao nao uliyatilia shaka.

Lipo jambo jingine ambalo msikilizaji mwenye uzoefu wa nasaba za kusimuliwa angelihisi mapema. Masimulizi ya aina hiyo hushikilia waanzilishi wa miji, wafalme, vita na ndoa zilizounganisha koo, kwa sababu hayo ndiyo yanayotoa haki ya ardhi na cheo. Kijana wa kawaida aliyepotea msituni miaka mia mbili iliyopita hana sababu ya kubaki ndani yake, na anapojitokeza hapo hasa mgeni anapomhitaji, hilo pekee linadai maswali. Zaidi ya hayo, Juffure haikuwa kijiji cha ndani kisichowajua Wazungu. Iko ng'ambo tu ya kisiwa kilichokuwa na ngome ya Waingereza, kando ya Albreda, kilichokuwa kituo cha biashara cha Wafaransa, katika eneo lililozoea biashara ya mto kwa vizazi vingi kabla ya 1767.

Ukikusanya vipande hivi unaona kilichompotosha Haley, nacho ni cha hila kuliko uongo wa wazi. Hati ya 1768 ilimpa mwaka wa kutafutia meli. Mwaka wa meli ulimpa tafsiri ya maneno "askari wa mfalme", kwa kuwa alipata kikosi cha Waingereza kilichopelekwa katika ngome ya mto mwaka huohuo wa 1767. Simulizi ya mzee, ikiwa imekwisha kupewa tarehe, ikarudi kuithibitisha hati. Msomaji anaona mashahidi watatu kutoka mabara mawili wanaokubaliana, na anashawishika. Kwa kweli ni shahidi mmoja aliyeulizwa mara tatu, kwa kuwa kila mmoja alipata tarehe yake kwa mwenzake. Katika kazi ya nasaba makubaliano yana thamani pale tu vyanzo havijaathiriana, na namna ya kujua hilo ni kuandika, kando ya kila dai, chanzo chake kilitoka wapi na kilijua nini kabla ya kuulizwa.

Je, sayansi ya vinasaba ingeweza kuokoa mnyororo huu? Swali hili huulizwa sana siku hizi, na jibu lake liko katika umbo la ukoo wenyewe. Kipimo cha mstari wa kiume hufuata baba kwa mwana, nao unakatika kwa Kizzy, ambaye ni mwanamke. Kipimo cha mstari wa kike hufuata mama kwa watoto wake, nao unakatika kwa yule Mwafrika mwenyewe, kisha tena kwa George, kwa kuwa mwanamume hawezi kuurithisha. Kutoka kwa Mwafrika wa kwanza kupitia Kizzy, George, Tom, Cynthia na binti yake Bertha hadi kwa Alex, hakuna mstari wa jinsia moja unaopita moja kwa moja. Kinachobaki ni kipimo cha urithi wa jumla, ambamo babu wa umbali huo huchangia kwa wastani sehemu moja kati ya 64, kiasi ambacho kinaweza kudokeza eneo la Afrika ya Magharibi lakini hakiwezi kuchagua kijiji wala kutaja jina.

Kwa hiyo, katika nasaba ile, kilichosimama ni familia ya Tom na Irene Murray katika sensa ya Alamance, pamoja na kizazi chao chote hadi Henning, na kumbukumbu ya maneno ya Kimandinka inayoelekeza Senegambia. Kilichoanguka ni Toby wa Waller, meli ya Lord Ligonier na Kunta wa Juffure kama mtu mmoja. Katikati kuna miaka ya George na Kizzy, ambayo Haley aliiruka, na mahali pa kuitafuta ni katika daftari za mirathi, kodi na mashauri ya madeni za kaunti za Caswell na Alamance, kuanzia kwa aliyemmiliki Tom na kurudi nyuma bwana mmoja baada ya mwingine, bila kulichagua mapema jina la mtu atakayekutwa mwishoni.